Jino Lisilo na Mwenyewe

Halfa Mpya, Kijiji cha Ishirini na Mbili
14 Januari 1988

Mdogo wangu Nabra,

Salamu za amani kwako na kwa shemeji Sabbar. Leo imetimia miaka ishirini na tatu na miezi mitatu tangu treni ituteremshe hapa na mbuzi wetu na milango yetu. Nahesabu kwa kuwa nyumba hii haina mwingine anayehesabu. Wajukuu wamezaliwa hapa, na ukiwaambia "nyumbani" wanatazama chumba cha kulala.

Sisi wazima. Karanga zimevunwa, mbu hawajaisha. Mvua ya mwaka jana ilibomoa ukuta wa upande wa jikoni, na mpaka leo sijazoea maji yanayotoka juu. Mguu wangu wa kulia unanisumbua nikikaa sana, na unanisumbua pia nikisimama sana.

Barua yako ya Novemba niliipata juzi. Nimeisoma mara nne. Unasema ziwa la lile bwawa lililotuhamisha sisi, ninyi mkabaki, limerudi nyuma mpaka ardhi yetu ya chini imetoka nje na tope jeusi juu yake, na kwamba shimo la sakia ya baba, mtambo wake wa kupandisha maji kwa maksai, bado limesimama, mawe yake yote mahali pake. Nilidhani maji yameyala. Unasema watu wanapanda mahindi na kunde palipokuwa na samaki, na kwamba mnataka kuisimamisha tena sakia, nije nikawatengenezee.

Nitakuja, inshallah, baridi ikipungua. Chongeni mihimili tu. Magurudumu msiyaguse mpaka nifike.

Kaka yako,
Fikri Gubara


Tumbo la Mawe
20 Februari 1988

Kaka Fikri,

Salamu sana. Hapa sote hatujambo, na tende zako nimekuwekea kwenye mtungi wenye shingo iliyovunjika, ule ulioukataa mwaka tuliogawana vyombo. Samira, binti wa jirani, amezaa mapacha. Mwandiko wangu utausamehe. Nilijifunza kuandika nikiwa na miaka arobaini, na mwalimu alikuwa mdogo kuliko binti yangu.

Unasema yasiguswe mpaka ufike. Kaka, udongo hausubiri mguu wako. Unakauka, unapasuka, vidole vinaingia. Pampu ipo pale imevikwa gunia kama bi harusi, dizeli hakuna tangu Desemba, na ikipatikana Halfa yetu ya huku inaishia huko huko mjini. Tuna maksai wawili, tuna mgunga, tuna kamba na mitungi. Na tuna Sabbar.

Najua utakachosema juu ya Sabbar. Nilimwambia utasema, naye akajibu: "Mwambie kaka yako, mashua zangu hazijazamisha mtu. Yeye amekaa miaka ishirini na tatu penye mfereji, hata kuogelea kasahau."

Mihimili imekwisha. Wenye hisa wamekubaliana kama zamani: hisa ishirini na nne, kila nyumba yenye hisa italeta mti wa jino moja la gurudumu dogo na meno mawili ya gurudumu kubwa. Hisa yako na yangu, alizotuachia baba, zimo. Jino lako nimekulipia mimi kwa mti wa mgunga niliokuwa nauweka kwa ajili ya kitanda.

Sasa sema. Upana gani, tundu kina gani, magurudumu yanakutanaje? Nilizunguka na maksai wa sakia ile tangu nina miaka sita mpaka naolewa, sauti yake naijua kuliko ya mama, lakini kila baba alipotoa tezo alikuambia unifukuze. Ulinifukuza vizuri sana. Basi njoo, au andika.

Nabra


Halfa Mpya
25 Machi 1988

Mdogo wangu mpenzi,

Hongera za mapacha. Hapa mjukuu wangu wa pili amefaulu kwenda sekondari. Mguu ni ule ule. Daktari kaniambia nisisafiri kwa treni mpaka uvimbe upungue, kwa hiyo naandika, ila yapo mambo ya mwisho nitakayoyafanya mwenyewe nikija.

Sakia ina kazi moja ngumu, nayo ni kona. Maksai anazunguka chini, mduara wake umelala. Mitungi inapanda kutoka shimoni, mduara wake umesimama. Nguvu lazima itoke katika mduara uliolala iingie katika uliosimama, na hakuna kamba wala mkanda uwezao kuipindisha hivyo bila kuteleza. Ni jino kwa jino tu. Mwalimu wa hapa huniazima vitabu, na kimoja kinasema gurudumu hili lilitufikia kutoka Misri yapata miaka elfu mbili iliyopita, na kwamba Warumi walisagia nafaka kwa kona hiyo hiyo, wao wakianza na gurudumu la majini lililosimama na kumalizia na jiwe lililolala. Sisi tulikwenda kinyume chao. Nilifurahi kusoma hivyo. Nilidhani baba yake baba ndiye aliyebuni.

Mwambie Sabbar asichonge kama anayechonga kitu cha kuelea. Gurudumu kubwa, la kulala, liwe na upana wa dhiraa sita. Meno yake yasimame wima pembezoni kama vigingi, kila moja urefu wa kiganja na vidole viwili. Gurudumu dogo, la kusimama, liwe nusu ya hilo, meno ya urefu ule ule yakitoka ubavuni. Mihimili yote miwili, ukiivuta kwa macho mpaka mbali, lazima ikutane mahali pamoja hewani. Ikipishana hata kwa upana wa kidole, meno yatasugua badala ya kusukuma. Tumia uzi. Usiliamini jicho, hata la fundi wa mashua.

Matundu ya gurudumu kubwa arobaini na nane, ya dogo ishirini na nne, kama hisa. Nafasi kati ya jino na jino iwe sawa kwenye yote mawili. Mti ukae kivulini wiki tatu kabla ya kuchonga. Na msitie mafuta. Hilo unalijua.

Sabbar aniwie radhi. Mkono wake mzuri, nilikuwa natania.

Fikri


Tumbo la Mawe
2 Mei 1988

Kaka!

Inalia!

Salamu zitafuata, kwanza hili. Alhamisi iliyopita tulichinja kondoo, tukawafunga maksai, Sabbar akasema bismillahi, na sakia ikakaa kimya kama bibi aliyenuna, halafu ikatoa sauti. Haja Shaya, ambaye hajatoka kitandani tangu mwezi wa Rajabu, alitoka. Akasimama mlangoni akasema, "Nani kamwamsha baba yenu Gubara?" Wanawake wakapiga vigelegele, mimi nikalia na kucheka, na maji yakaingia kwenye mfereji yakiwa na majani na chura mmoja.

Kunde zimepona. Mahindi ya juu bado, lakini yatafika. Tumepata miezi mitatu, minne, kabla mto haujajaza ziwa tena. Tukivuna hicho tutakula mpaka mwakani bila kumwomba mtu.

Sasa salamu: tupo salama, ila pacha mmoja wa Samira kafa, wa kike. Mungu kampenda.

Kuna jambo. Inagonga. Mara moja kila gurudumu kubwa linapozunguka, na mahali ni pale pale: kuna jino moja nene kidogo kwenye dogo, likifika kwa jino fulani la kubwa, ta! Sabbar anasema mti bado unakaa, utazoea. Mimi sijaizoea. Ya baba haikugonga. Ya baba ililia tu, moja kwa moja, kama mtu anayevuta wimbo.

Nimekumbuka kitu. Siku ya kondoo, sakia ilipotengenezwa upya, baba alikuwa hali nyama ya moto. Aliwatuma watu wote nyumbani kula, akabaki kwenye gurudumu na wewe, akaja baadaye akala ya baridi. Mama alikuwa akimsema. Mlikuwa mkifanya nini kule?

Nabra


Halfa Mpya
30 Mei 1988

Mdogo wangu,

Pole kwa pacha aliyekufa. Mpe mama yake salamu zangu, na Haja Shaya umwambie Fikri anabusu kichwa chake.

Niliisoma barua yako kwa sauti uwanjani, watu wa kijiji wakaja. Mzee mmoja aliniomba nimsomee tena pale ulipoandika kwamba inalia. Nilipomaliza akaenda zake.

Kuhusu kugonga, Sabbar huenda yuko sahihi. Mgunga hukaa. Lile jino nene lipunguzeni kwa patasi, unene wa ukucha, si zaidi.

Nilikuwa nakumbuka mwaka niliofanya kazi kwenye karakana ya matrekta hapa. Tulifungua difu ya lori, lile boksi la gia katikati ya matairi ya nyuma. Nilimkuta baba mle ndani, Nabra, katika grisi. Injini inazungusha mhimili mrefu, matairi yanazunguka upande mwingine, na katikati kona ni ile ile, gurudumu dogo na kubwa, jino kwa jino. Ila chuma kimechongwa kama pia, ili mistari ya meno yote ukiivuta kwa macho ikutane pale pale hewani nilipowaambia. Na meno yamepindwa, jino linaingia polepole kwa mwenzake badala ya kumpiga, kwa hiyo haina sauti. Wenzetu wa viwandani walihangaika miaka mingi ili inyamaze. Sisi tulitaka iseme.

Mengine nikija. Mguu una nafuu.

Fikri


Tumbo la Mawe
24 Juni 1988

Kaka Fikri,

Salamu. Sabbar anakusalimu. Siku hizi anakula kwa mkono wa kushoto.

Tulipunguza jino kama ulivyosema. Likaacha kugonga siku nne, likaanza la jirani yake. Meno matatu ya gurudumu kubwa yamevunjika, tukatia mapya, yakavunjika yale yale, mahali pale pale. Mara ya tatu Sabbar alikuwa ameweka mkono pale anasikiliza. Kipande kiliruka, gurudumu likanasa kisha likaachia. Vidole viwili vimekatika, na cha tatu hakikunji. Nilitaka kukuficha. Nimeona ufichaji ni kazi yako, nisikuibie.

Sakia imesimama siku kumi na mbili. Mahindi ya juu yamekwisha. Kunde tunabeba maji kwa ndoo, wanawake wote, tangu alfajiri, na ziwa limekwenda mbali zaidi, tunatembea kwenye matope yanayovuta kandambili. Robo ya shamba labda itafika.

Jana nilikaa chini ya gurudumu, nikatia alama ya mkaa kwenye kila jino, nikalizungusha kwa mkono. Jino la kwanza la dogo linakutana na la kwanza na la ishirini na tano la kubwa. Siku zote. Halikutani na jingine maisha yake yote. Baya linampiga yule yule, kila mzunguko, mpaka afe. Niliyaona hayo mimi, mwanamke wa miaka sitini na moja, kwa mkaa. Baba hakuyaona?

Barua zako tatu zina "nitakuja" moja na "nikija" mbili. Nimezihesabu. Umeficha nini, Fikri?

Nabra


Halfa Mpya
10 Julai 1988

Nabra,

Leo sianzi na habari za nyumbani.

Gurudumu kubwa la baba lilikuwa na meno arobaini na tisa.

Alitoboa matundu arobaini na tisa nyumbani, kwa fimbo yake ya kipimo, na moja akaliziba kwa udongo. Kila nyumba ilipigilia meno yake mawili, watu wakaenda kula kondoo, yeye akazibua tundu akatia la mwisho. Hakuna aliyewahi kuhesabu. Kwa nini mtu ahesabu alicholeta mwenyewe? Jino moja likizidi, kila mzunguko gurudumu dogo linasogea hatua moja, na kila jino linakutana na kila jino. Baya linawapiga wote kidogo kidogo, nao wote wanalilainisha. Ndiyo maana ilivuta sauti moja.

Alificha kwa sababu jino lisilo na mwenyewe ni hisa isiyo na mwenyewe. Unawajua watu wetu. Lingegombewa mpaka kwa kadhi, na wajukuu wangerithi ugomvi bila jino. Kwa hiyo alimwambia mtoto mmoja tu, nami nikaapa.

Lakini sijiongopei kwamba nimeshika kiapo. Baba amekufa, wenye hisa wa zamani wamekufa. Kiapo kilikwisha. Ile difu niliyokuandikia, niliyahesabu meno yake siku ile: kubwa arobaini na moja, dogo saba. Hayagawanyiki. Siri ya baba inapita barabarani chini ya kila lori. Lori linalowaletea barua zangu limelibeba jibu mara zote, nami nikaandika juu ya grisi.

Nilisema arobaini na nane kwa sababu nilitaka pabaki kitu ambacho bila mimi hakiwezekani. Maadamu ninyi mna meno yote isipokuwa moja, mimi nilikuwa mtu anayengojwa. Ndicho nilichokifanya. Vidole vya Sabbar viko juu yangu. Sijui nimwandikie nini. Mwambie nimekosa maneno, na kwamba nilikuwa nayo mwezi wa tatu.

Sasa sikilizeni. Msipoteze mti kutoboa kubwa upya. Chongeni dogo jipya, lipunguzwe upana kidogo, matundu ishirini na tatu, nafasi kati ya meno ile ile. Arobaini na nane kwa ishirini na tatu vilevile hayagawanyiki, itakwenda. Mtu mmoja atakosa jino katika dogo. Ondoeni langu.

Natuma kwa treni ya kesho. Fanyeni upesi.

Fikri


Tumbo la Mawe
19 Septemba 1988

Kaka Fikri,

Salamu kwako na wajukuu. Tumesikia habari za mvua, kwamba Khartoum yenyewe imelala majini na reli imekatika. Tukaogopa kwa ajili yenu. Niandikie kama paa lipo.

Barua yako ya Julai nimeipata tarehe sita ya mwezi huu. Dereva alisema ilikaa stesheni, ikapotea, ikapatikana. Nilimwuliza, "Mwanangu, difu ya lori lako ina meno mangapi?" Akacheka, "Haja, mimi naendesha, sihesabu." Nikamwambia aulize siku akiipeleka gereji.

Maji yalikuja tarehe ishirini na moja Agosti. Si kama zamani, mto ulipokuwa unapanda na povu. Hili ni ziwa tu, linanenepa. Asubuhi liko kwenye jiwe jeupe, jioni hulioni jiwe. Tulikwisha ng'oa kunde tulizoweza, magunia manne, nyingine changa. Shimo lilijaa kutoka chini. Gurudumu kubwa likaelea, likazunguka lenyewe bila maksai, likaenda. Watu walisimama kulitazama. Hakuna aliyelia, tulikwisha kulia mwaka ule ziwa lilipokuja mara ya kwanza.

Gurudumu dogo Sabbar aliliwahi kwa mashua. Kwa mkono mmoja na meno yake mwenyewe, akashika kamba. Kalifungia uani. Usicheke, linaelea vizuri sana.

Nilimsomea barua yako yote. Akasema, "Ishirini na tatu. Ningeweza kutoboa kwa siku mbili." Basi. Hasira hana, au anayo mahali nisipopajua. Mimi ninayo. Nimekaa nayo wiki mbili kabla ya kuandika, na bado ipo, lakini pembeni yake nimekuta kitu kingine: ningefanya kama wewe. Mtu akiniambia ninangojwa mahali kwa sababu ya neno moja, ningelimeza.

Nimeling'oa jino lako katika dogo. Nakutumia kwa mkono wa mtoto wa Haja Shaya anayekuja huko kuoa. Ni ule mti wa kitanda. Maji yatashuka tena siku moja, mwakani au tukiwa hatupo, na gurudumu tutalitoboa kwa ishirini na tatu. Kila mtu hapa anajua sasa. Nimewaambia wote, na kabla ya magharibi walikuwa wameshaanza kugombea lile la arobaini na tisa ambalo halipo. Baba alikuwa sahihi.

Niambie kweli mara hii, Fikri. Yakishuka, utakuja?

Nabra


Halfa Mpya
3 Novemba 1988

Mdogo wangu Nabra,

Paa lipo. Ukuta wa jikoni umeanguka tena, upande ule ule. Wajukuu wazima. Bwana harusi amefika na kifurushi, amekula kwetu, ameoa, anapendeza.

Jino limefika. Nimelipima kwa kiganja na vidole viwili, ni sawasawa, shingo yake imekatwa kwa mkono uliotulia. Mwambie Sabbar hivyo kwa maneno hayo. Upande mmoja limelika na kung'aa, na hapo ndipo lilipokuwa likimpiga mwenzake. Nimeliweka dirishani, mjukuu mdogo akauliza ni la mnyama gani.

Wiki iliyopita nilikwenda makaburini. Mke wangu Dahiba ana miaka kumi na saba pale, na mwanetu yuko pembeni yake. Niliung'oa ule mti wa miiba unaoota kila mahali hapa. Kazi ya asubuhi nzima kwa mguu huu, na wiki ijayo utakuwa umeota tena. Hakuna mwingine wa kuung'oa.

Uliuliza. Hisa yangu ichukue wewe, iandikwe jina lako mbele ya wote. Siku maji yakishuka, funga uzi kwanza, uangalie mihimili inakutana, kisha watume watu wakale kondoo ukitaka, au wabaki wakutazame. Unajua kila kitu ninachokijua.

Sitarudi.

Fikri